Walter Paisley Hafi

Kwenye kibanda umiza kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa vidudu aliijua: stelingi hafi. Risasi zitampita kushoto na kulia, jumba litamwangukia, naye atatoka kwenye kifusi akijikung'uta vumbi. Adui naye ana muda wake, anatunzwa mpaka mwisho. Katikati hapo ndipo walipo wale wengine: mlinzi wa geti, dereva wa teksi, mhudumu wa baa, muuza duka. Hao hatukuwajua majina. Tuliwatambua kwa jinsi walivyokufa.

Mmoja wao ni yule muuza bunduki wa The Terminator. Aliyeiona picha hiyo ya mwaka 1984, kwa Kiingereza chake au kwa sauti ya mtafsiri wa kibandani, hawezi kumsahau. Arnold Schwarzenegger anaingia dukani, anaagiza silaha moja baada ya nyingine kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma risiti. Nyuma ya kaunta yupo mwanamume mfupi wa makamo. Anazishusha, anazipanga, anamsifu mteja kwa kujua vitu. Leo biashara imekubali. Mteja anataja bunduki ambayo dunia bado haijaitengeneza; muuzaji hata hashtuki, anamwambia vilivyopo ndivyo hivyo anavyoviona. Anamfahamisha kwamba bastola ina siku 15 za kusubiri, ila bunduki ndefu anaweza kuondoka nayo sasa hivi. Mara anaona mteja anaingiza risasi kwenye bunduki ambayo hajailipia. Hairuhusiwi hiyo, anasema. Mlio mmoja, na hatumwoni tena.

Kipande chenyewe hakifiki dakika mbili. Kibandani watu walicheka, wakarudi kwenye karanga zao. Mimi nilibaki na swali la kitoto lililonisumbua mpaka picha inaisha: lile duka sasa nani atalifunga?

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba swali hilo lilikuwa sifa kwa mwigizaji. Muuza duka yule aliitwa Dick Miller. Siku anapigwa risasi ile alikuwa na umri wa miaka 55, na alikuwa na karibu miaka 30 mbele ya kamera, nyingi kati ya hizo kwenye filamu za bei poa ambazo bajeti yake nzima isingelipa chakula cha wapiga picha wa filamu kubwa. Mpaka anafariki alikuwa ameonekana katika filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 170. Ukizitoa zile chache za ujanani, hakuna hata moja ambayo ungeenda kukata tiketi kwa sababu yake. Na katika nyingi ya hizo, yeye ndiye unayemkumbuka.

Hakwenda California kuigiza. Alizaliwa Bronx, New York, siku ya Krismasi ya mwaka 1928, akapita jeshi la majini la Marekani, kisha miaka ya 1950 akahamia upande wa Los Angeles akiwa na nia ya kuandika miswada ya filamu. Alijiona mwandishi, na nadhani hakuacha kujiona hivyo. Rafiki yake Jonathan Haze alikuwa akifanya kazi na kijana mmoja mtayarishaji, Roger Corman, akampeleka wakajuane. Kilichotokea Miller alikisimulia mpaka uzeeni. Corman alimuuliza anafanya kazi gani. Mwandishi, akajibu. Corman akasema miswada anayo, anaokosa ni waigizaji. Basi, Miller akamwambia, mimi ni mwigizaji.

Uongo huo mdogo ulimpatia nafasi katika Apache Woman ya mwaka 1955, akiwa Mhindi Mwekundu. Alipokaribia kumaliza, Corman akamuuliza kama angependa pia kuwa mchunga ng'ombe. Miller akadhani anaahidiwa picha nyingine. Kumbe ni ileile. Ndiyo ikawa kichekesho chake cha maisha: mwishoni mwa filamu Wazungu wanawafyatulia risasi Wahindi, naye yuko pande zote mbili, nusura ajiue mwenyewe.

Hapo lazima nimweleze Corman kidogo, maana bila yeye mtu huyu haeleweki. Kampuni iliyosambaza picha zake nyingi za wakati huo, American International Pictures, ilikuwa na mtindo wa kutangulia na jina na bango, hadithi ikatafutwa baadaye. Wateja walikuwa vijana, na pa kutazamia palikuwa zile sinema za kuingia na gari, kama ile Drive-In iliyokuwapo Dar es Salaam pale ulipo sasa Ubalozi wa Marekani. Picha mbili kwa kiingilio kimoja. Kijana aliyekaa na mchumba ndani ya gari hakuja kutafuta sanaa ya juu, na Corman hakujifanya hajui. Alitaka picha imalizike haraka, isizidi bajeti, irudishe pesa.

Haraka hiyo ndiyo iliyomtengeneza Miller. Pale hakuna mazoezi ya wiki tatu. Hakuna kurudia kipande mara 20 mpaka mwongozaji aridhike. Mwigizaji anafika, anaambiwa yeye ni nani, anasimama kwenye alama, kamera inawashwa. Anayehitaji kurudiwa mara sita ni hasara, na hasara haiitwi tena. Miller aliitwa tena na tena kwa sababu alifika akiwa na mtu tayari kichwani. Katika Not of This Earth ya mwaka 1957 yeye ni mchuuzi wa mashine za kufyonza vumbi, anayebisha hodi kwenye nyumba ya kiumbe kutoka sayari nyingine. Kwa muda mfupi anaoonekana, anauza mashine ile kwa bidii ya mtu mwenye kodi ya nyumba shingoni, mpaka anaishia kwenye tanuri. Mwaka huohuo alikuwa stelingi wa Rock All Night, jamaa mfupi mwenye mdomo anayewakabili majambazi ndani ya baa. Mwaka uliofuata akawa shujaa wa War of the Satellites, filamu iliyokimbizwa sokoni wakati dunia nzima ikizungumzia Sputnik. Ya pili haikumkaa vizuri. Mbele ya mitambo ile ya karatasi anaonekana kama fundi aliyekuja kurekebisha umeme, akaambiwa aokoe dunia.

Mwaka 1959 ndipo akampata Walter Paisley.

A Bucket of Blood ilipigwa kwa siku tano, kwa dola 50,000, kutokana na muswada wa Charles B. Griffith. Walter ni kijana anayekusanya vikombe kwenye mkahawa wa wasanii. Wateja wanasoma mashairi, wanabishana juu ya uzuri na ukweli, hakuna anayemwona zaidi ya kumwonyesha meza chafu. Chumbani kwake anakandakanda udongo wa kufinyangia, pua haitoki, anaufokea udongo kama mama anayemfokea mtoto. Paka wa mwenye nyumba amenasa ndani ya ukuta. Walter anachukua kisu atoboe ukuta amtoe; kisu kinampata paka. Kwa woga wa kukamatwa na mwenye nyumba, anamfunika paka kwa udongo, na kesho yake anakipeleka mkahawani kile kitu, na kisu bado kimechomekwa. Wanamsifu. Wasichana wanamwangalia. Anaulizwa amebuni vipi. Baada ya paka anafuata askari kanzu, na baada ya askari unajua mwenyewe.

Tazama anavyoyapokea makofi ya kwanza. Anageuza kichwa nyuma, kuona wanampigia nani. Halafu tabasamu linakuja kidogokidogo, kama mtu anayejaribu kiatu ambacho hana hakika ni chake. Ni picha ya kuchekesha, imeandikwa kuchekesha, lakini Miller hamcheki Walter hata mara moja. Anamhurumia, na hapo ndipo inapotisha. Nimeona waigizaji wenye tuzo wakicheza wauaji kwa kukodoa macho. Huyu anaua kwa aibu.

Mwaka uliofuata Corman na Griffith walirudia kiunzi kilekile, mara hii kijana mnyonge wa duka la maua analea mmea unaokula watu. The Little Shop of Horrors. Miller akaitiwa nafasi ya kijana yule, Seymour. Akakataa. Alisema ameshamcheza mtu huyo, asingependa kumrudia. Nafasi ikaenda kwa Haze, rafiki yake aliyempeleka kwa Corman, na sehemu kubwa ya filamu ikapigwa kwa siku mbili na usiku mmoja. Baadaye ikawa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, na mwaka 1986 filamu nyingine kubwa. Kuna wanaosema hapo ndipo Miller alipoitupa bahati yake. Sikubaliani nao sana. Mtazame katika kipande alichojichagulia badala yake. Anaingia dukani, ananunua maua, anatoa kidude cha chumvi mfukoni, ananyunyiza, anakula. Anatafuna taratibu, anazungumza na wengine dukani mambo ya kawaida, kama mtu wa ofisini aliyekwenda kwa mama ntilie saa saba mchana. Baadaye anaaga: anawahi nyumbani, mkewe anapika maua ya gardenia. Katika picha hiyohiyo kijana asiyejulikana, Jack Nicholson, ana kipande chake kwa daktari wa meno, na anakicheza kwa kupaliwa na furaha. Wote wawili wanachekesha. Ila yule mla maua unaweza kukutana naye kwenye daladala.

Na Nicholson huyo ndiye aliyemshika koo mwaka 1963. Corman alikuwa na siku chache za mzee Boris Karloff na jengo la ngome lililobaki kwenye filamu nyingine, akapiga vipande kabla hadithi haijakamilika. Kilichobaki kikapigwa na watu kadhaa kwa zamu, Francis Ford Coppola akiwemo, na kila mmoja akavuta upande wake. Ilipounganishwa, The Terror haikueleweka na yeyote, hata walioitengeneza. Corman akamwita Nicholson na Miller warudi. Nicholson amkabe Miller, adai kujua kinachoendelea humu ndani; Miller aeleze. Akaeleza, kwa uso wa mtu aliyebeba siri hiyo miaka mingi, na filamu ikapata hadithi.

Miaka ya 1960 ilimwendea hivyohivyo: mhudumu wa baa hapa, mpiga kelele katikati ya hadhira kule, askari wa kijeshi katika The Dirty Dozen bila jina lake kuandikwa mwishoni. Mwaka 1970 jina lake lilitokea upande aliouota tangu zamani, miongoni mwa waliobuni hadithi ya Which Way to the Front?, filamu ya Jerry Lewis. Milango ya uandishi haikufunguka zaidi ya hapo.

Pesa je? Hili tuliseme, maana mashabiki hulipenda jina la mwigizaji na kulisahau jiko lake. Machi 1960 waigizaji wa Marekani waligoma, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais. Walichopata ni kwamba filamu za kuanzia mwaka huo zikiuzwa kwa televisheni, mwigizaji analipwa tena. Za nyuma ya hapo wakasamehe, kwa kubadilishana na fungu la kuanzishia mifuko ya afya na pensheni. A Bucket of Blood ni ya mwaka 1959. Iliyofuata, ile ya maua, na The Terror pia, hazikulindwa na hakimiliki ipasavyo, kwa hiyo yeyote mwenye mashine ya kunakili kanda aliweza kuziuza, na waliuza kwelikweli. Waigizaji wetu wa Bongo Movie waliouza picha kwa mkupuo kwa wasambazaji wa Kariakoo, halafu wakaziona zikichezwa kwenye kila basi la mikoani, hawahitaji kufafanuliwa.

Wokovu wake ulitoka kwa watoto. Corman alianzisha kampuni yake mwenyewe, New World Pictures, mwaka 1970, na humo wakamiminika vijana waliokua wakizitazama picha zake za zamani. Mmoja alikuwa Joe Dante, mkata vionjo vya filamu. A Bucket of Blood ilipotoka alikuwa mvulana wa miaka 12. Mwaka 1976 yeye na Allan Arkush wakapewa dola 60,000 na siku kumi wafanye filamu ya bei ya chini kuliko zote za kampuni hiyo, Hollywood Boulevard. Walihitaji mtu wa kucheza wakala wa waigizaji. Wakamwita Miller, na kwenye muswada wakamwandikia jina: Walter Paisley.

Walter alikuwa amekufa mwishoni mwa filamu ya mwaka 1959. Haikujalisha. Katika The Howling ya mwaka 1981 Walter Paisley ana duka la vitabu vya uchawi, na ukihitaji risasi za fedha za kuulia mbwamwitu, anazo. Katika Twilight Zone ya mwaka 1983 ana mgahawa. Mwaka 1986, Chopping Mall, anapiga deki kwenye jumba la maduka, anamtukana roboti mlinzi, roboti anamrushia umeme kwenye sakafu yenye maji. Waongozaji ni tofauti, hadithi hazihusiani, mtu ni mmoja. Aliyekataa kumrudia Walter kwa sababu ameshamcheza, Walter akawa ndiye anayemrudia yeye, kila mara akiwa na kazi nyingine ya mikono, kama kibarua anayehama mji hadi mji.

Dante hakutengeneza filamu kubwa bila kumtafutia nafasi. Iliyomfikisha kwa watu wengi zaidi ni Gremlins, mwaka uleule wa duka la bunduki. Miller ni Murray Futterman, jirani anayechukia kila kitu kilichotoka nje, redio, gari, na anayeamini kwamba mashine za kigeni zimepandwa vijimtu vya kuziharibu. Mke wake anachezwa na Jackie Joseph, yule binti wa duka la maua wa mwaka 1960. Wameonana tena baada ya miaka 24, na wanazozana kama waliooana kweli. Vijimtu vinakuja kweli, vinaingiza mashine yake ya kuzoa theluji ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wengi tuliamini Futterman amekwenda. Mwaka 1990, Gremlins 2, huyo hapo New York na mkewe. Kijimtu chenye mabawa ya popo kinamvamia barabarani. Futterman anakizima kwa saruji mbichi, nacho kinaruka mpaka juu ya kanisa, kinakauka hapo, kinabaki sanamu. Miaka 31 baada ya yule paka, Dick Miller bado anatengeneza sanamu kwa kufunika kitu kilicho hai. Sidhani Dante alifanya hivyo kwa bahati.

Martin Scorsese alimtumia, katika New York, New York na tena katika After Hours. Quentin Tarantino alimpiga picha kwa ajili ya Pulp Fiction ya mwaka 1994, kisha kipande kikakatwa na kutupwa. Mwigizaji wa dakika mbili hana pa kujificha mkasi unapokuja.

Mwaka 2014 ilitoka filamu juu ya maisha yake, iliyoongozwa na Elijah Drenner, na jina lake kwa Kiswahili cha mtaani lingekuwa Yule Jamaa Dick Miller. Mkewe Lainie alikuwa nyuma ya kazi hiyo. Naye si mgeni wa kamera. Ndiye mchezaji dansi katika ile klabu ambamo Dustin Hoffman anamdhalilisha binti wa watu katika The Graduate ya mwaka 1967. Ndoa yao ilikaribia miaka 60. Miller alifariki Los Angeles tarehe 30 Januari 2019, akiwa na miaka 90. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka huohuo. Humo yeye ni rabi, na jina la rabi huyo ni Walter Paisley.

Juzi nilikuwa nikiitazama tena A Bucket of Blood kwenye simu. Iko mtandaoni, dakika 66, hakuna anayekudai. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 15 na dharau kwa kila kitu kisicho na rangi, akachungulia begani.

"Anko, huyu si yule wa duka la bunduki?"

"Ndiye."

"Kumbe alikuwa kijana." Akavuta stuli. "Huku anakufa saa ngapi?"

Nikamwambia atulie. Akatulia, mpaka paka, mpaka askari kanzu, mpaka mashairi. Mwishoni Walter anakimbilia chumbani, anawafungia mlango wanaomfukuza, na wanapouvunja wanamkuta akining'inia, sanamu yake ya mwisho. Ilitakiwa awe amefunikwa udongo mwili mzima. Miller aliilalamikia picha hiyo maisha yake yote: alipakwa rangi ya kijivu tu usoni, akaning'inizwa hivyo.

Kijana akaisogeza simu karibu na macho.

"Mbona hajapakwa udongo kama wale wengine?"

"Muda uliisha," nikamwambia. "Na hela."